Maswali na majibu: Obama wa Springfield

Toleo lililopita niligusia miaka ambayo Barack Obama alikuwa seneta wa jimbo la Illinois. Maswali yamefurika. Nimechagua yanayotufaa wengi.

*Kumbe Obama alikuwa Seneta wa Marekani tangu 1997? — Msomaji, Nakuru*

Hapana, na hii ni mara ya tatu nalijibu swali hili. Marekani ina Kongresi mjini Washington, na kila moja ya majimbo yake 50 lina bunge lake. Mwaka 1997 Obama aliapishwa katika Seneti ya Illinois, yenye viti 59. Seneti ya Washington aliingia Januari 2005. Mzanzibari haelezwi hili mara mbili, kwa sababu yeye humchagua mwakilishi wa kwenda Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Chukwani, na mbunge wa kwenda Bunge la Muungano, Dodoma, na hawachanganyi. Kinachotuponza wengine ni neno "jimbo", ambalo tunalitumia kwa Illinois nzima na kwa eneo la mbunge mmoja. Magazeti yetu nayo yanaandika "seneta wa Marekani" kwa kila mtu mwenye asili ya Afrika anayeshinda kiti cha jimbo huko. Uliza kwanza: seneta wa wapi?

*Springfield ni mtaa wa Chicago?*

La. Ni makao makuu ya Illinois, ndiko lilipo bunge la jimbo, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago.

*Ni kweli aliingia kwa kuwafuta wapinzani wake wote? — Msomaji, Arusha*

Kweli, kwenye mchujo wa chama chake. Kiti cha wilaya ya 13 cha Seneti ya Illinois, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer aliamua kuwania Kongresi na akamuunga mkono Obama arithi nafasi yake. Aliposhindwa na Jesse Jackson Jr., akataka kiti chake kirudi. Obama alikataa kujitoa. Watu wake wakaenda kukagua sahihi za wadhamini wa wapinzani, moja baada ya nyingine: huyu hajaandikishwa kupiga kura, huyu anaishi nje ya wilaya, huyu kaandika jina kwa herufi za chapa badala ya sahihi. Palmer akajitoa, na wagombea wengine watatu nao wakaondolewa. Katika mchujo wa Democrat wa 1996 Obama akabaki peke yake.

Sheria iliruhusu, na mgombea asiyeweza kukusanya sahihi halali ana la kujibu. Lakini naona walioumia zaidi ni wapiga kura wa eneo lile, ambao siku ya mchujo walikuta jina moja tu. Kwetu hatari iko upande wa pili: majina ya watu yanaorodheshwa bila wao kujua. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Usimpe mtu namba ya kitambulisho chako kwa sababu tu ameibeba karatasi ya mgombea unayempenda.

*Taja jambo moja la maana alilofanya huko.*

Nataja la 2003. Miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa cha wachache katika Seneti, na miswada ya walio wachache hufia kwenye kamati. Hata hivyo, mwaka 1998 alishirikiana na Republican kupitisha sheria ya kubana zawadi kwa wanasiasa na kuwazuia kula fedha za kampeni. Januari 2003 Democrat wakashika Seneti, Emil Jones wa chama hicho akawa Rais wa Seneti, yaani kiongozi wake, na Obama akapewa mambo mazito.

Zito kuliko yote lilikuwa la polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imebaini kwamba watu 13 waliohukumiwa kifo hawakustahili hukumu hiyo, na baadhi ya kesi zilisimama juu ya maungamo ya kulazimishwa. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mswada. Obama alikaa nao mezani, akarekebisha vifungu, akarudi tena, mpaka upinzani ukayeyuka. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Wanaosema mtu huyu aliibuka kwa hotuba moja ya 2004, kwenye mkutano mkuu wa Democrat, hawajaisoma kazi hii. Hotuba ilimtangaza, kazi ilikuwa imeanza zamani.

*Kwa nini wanasema alikwepa kupiga kura?*

Bunge la Illinois lina vitufe vitatu: kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana, na cha njano cha "nipo". Mswada unahitaji ndiyo 30 kati ya viti 59, kwa hiyo njano huumiza mswada sawa na hapana. Obama aliibonyeza zaidi ya mara mia, kati ya kura elfu kadhaa. Mara nyingine ilikuwa mbinu ya pamoja ya chama. Mimi sikipendi kitufe hicho. Mwakilishi akikibonyeza, awaeleze waliomtuma sababu.

*Mbona hakuwasaidia Wakenya kupata viza?*

Viza na uhamiaji ni vya serikali ya Washington. Seneta wa jimbo hana mamlaka hayo. Mtu akikuomba fedha kwa madai kwamba "anamjua seneta fulani wa jimbo" atakayekutoa, huyo ni tapeli.

*Aliwahi kushindwa?*

Ndiyo, vibaya sana. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akikalia kiti, kwenye mchujo wa Kongresi, na Rush akapata takriban kura mbili kwa kila moja ya Obama. Miezi michache kabla, mwishoni mwa 1999, Obama alikuwa Hawaii na mtoto wake mchanga akaugua. Hakurudi Springfield kupigia kura mswada wa silaha, nao ukaanguka kwa kura chache. Magazeti ya Chicago hayakumwachia. Kiti chake cha Seneti alibaki nacho, akarejea Springfield kwenye kamati zake.