Violezo vya kulipia: maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii nimeweka kando mambo mengine yote ili nijibu kuhusu violezo vya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Kiolezo ndicho kinachoipa tovuti sura yake, na wengi wenu mnakiita thimu. Maswali yamerundikana, na mengi yanafanana.

Kiolezo gani cha kulipia ni kizuri kuliko vyote? (Wengi, Kigoma na Tabora)

Hakuna. Nimeshalijibu hili na linarudi vilevile. Ukienda kwa fundi cherehani humuulizi nguo gani ni nzuri, unamwambia kama ni ya harusi au ya shamba. Niandikie unauza au unaandika nini, nani anakusoma, na una picha zako mwenyewe ngapi. Bila hayo sitajibu tena.

Shikamoo. Fundi ameniwekea kiolezo cha dola 59 kwa shilingi elfu kumi tu. Nimepata bahati? (Muuza asali, Tabora)

Marahaba, mama. Hapana, si bahati. Umeuziwa kiolezo kilichochakachuliwa, na nakuomba ukitoe leo.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Kuna mwenye duka hapa Mwanga, Kigoma, ambaye wateja walimlalamikia kwamba wakifungua tovuti yake wanapelekwa kwenye kamari. Yeye akifungua kwenye kompyuta yake anaona duka lake tu, kwa hiyo akaamini wanamchafulia jina. Nikaitafuta tovuti kwenye Google kwa simu yangu, nikaigusa: kamari. Tukaingia kwenye mafaili ya kiolezo. Kwenye functions.php, chini kabisa, baada ya nafasi tupu ndefu ambayo mtu angedhani faili limeisha, kulikuwa na mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, na mwanzoni mwake maneno eval na base64_decode, yaani amri za kufumbua msimbo uliofichwa na kuuendesha. Tulipoufumbua, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuangalia kama aliyefungua ukurasa ameingia kama msimamizi. Akiwa msimamizi, mstari huo unanyamaza. Mwenye mali ndiye pekee aliyefichwa.

Fundi wako atakwambia WordPress iko chini ya leseni ya GPL, na GPL inaruhusu kunakili na kugawa. Hilo ni kweli. Lakini GPL haikuambii nani ameushika msimbo kabla haujakufikia wewe. Tena masasisho hupati, kwa sababu namba ya ununuzi si yako, na tundu la usalama likigunduliwa kesho litabaki wazi kwako.

Kubadilisha kiolezo peke yake hakutoshi, maana uchafu wa aina hii hujinakili kwenye mafolda mengine. Pakia WordPress upya, pakua kila programu-jalizi (plugin) upya kutoka kwa mwenyewe, badilisha nywila zote pamoja na ile ya hifadhidata, kisha pitia orodha ya watumiaji. Ukikuta msimamizi usiyemjua, mfute.

Natembeza wageni Gombe. Nimependa kiolezo chenye video kubwa juu na picha zinazopishana. Ninunue? (Kigoma)

Ulichokipenda ni video ya mtu mwingine, kaka. Onyesho (demo) la muuzaji limepambwa kwa picha za wapiga picha wa kulipwa, na mara nyingi picha hizo hazimo kwenye unachonunua. Ziondoe kichwani kwanza, halafu jiulize umebaki na nini.

Kiungo ulichonitumia nilikifungulia Kibirizi, pale mitumbwi inapopakia, kwa simu ya bei ya chini na bando la kawaida. Ukurasa ulikaa mweupe mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kikaja kichwa cha habari. Nilipotaka kugusa kitufe cha kuweka nafasi, picha moja ikashuka kutoka juu, kitufe kikasogea, kidole changu kikaangukia tangazo. Mgeni wako hatarudia mara ya pili.

Usiniambie wageni wako wako Ujerumani na wana intaneti ya kasi. Wakishatua Kigoma na kuitafuta namba yako ya simu, wanatumia mtandao huuhuu wetu. Ukurasa wa MB 8 kwa mtu mwenye bando la MB 100 unafunguka mara kumi na mbili, bando limekwisha.

Kabla ya kulipa, bandika anwani ya onyesho kwenye PageSpeed Insights ya Google, inayopima kasi ya ukurasa. Ni bure. Soma matokeo ya simu, achana na ya kompyuta. Google wenyewe wanataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Onyesho la muuzaji likishindwa, na yeye ndiye bingwa wa kiolezo chake, wewe utaliwezea wapi?

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Picha hizo zinazopishana mara nyingi huletwa na programu-jalizi iliyofungashwa ndani ya kiolezo. Mwaka 2014 mojawapo ya hizo, Slider Revolution, ilikutwa na tundu, na tovuti nyingi mno zikaambukizwa. Marekebisho yalikuwa yameshatoka miezi kadhaa kabla. Ila wenye tovuti wengi hawakujua hata kwamba programu hiyo wanayo, kwa kuwa ilikuja ndani ya kiolezo na wao walikuwa wanamsubiri muuza kiolezo awaletee sasisho. Kila kilichofungashwa humo ni mlango ambao ufunguo wake anao mtu mwingine. Tafuta kiolezo chepesi, weka picha moja nzuri ya sokwe uliyopiga mwenyewe, igeuze iwe WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), na isizidi KB 200.

Nimenunua kiolezo ThemeForest, lile soko la mtandaoni. Naweza kukitumia na kwenye tovuti ya dada yangu? (Urambo)

Hapana. Leseni yao ya kawaida ni ya tovuti moja.

Wanataka niongeze hela ili msaada wa miezi sita uwe kumi na miwili. Niongeze? (Kasulu)

Huna haja. Masasisho utaendelea kuyapata, unachoongezewa ni muda wa kuuliza maswali tu.

Nilibadilisha rangi kwenye mafaili ya kiolezo, nikasasisha, yote yakafutika. (Ujiji)

Ndivyo inavyokuwa: sasisho huandika juu ya mafaili ya zamani. Tengeneza kiolezo mtoto (child theme), yaani kiolezo kidogo kinachokitegemea kile kikubwa, mabadiliko yako yakae humo. Tafadhali usiache kusasisha kwa kuogopa rangi zako.

Tovuti ya shule yetu ni ya Kiswahili, lakini "Read more" na "Search" vimegoma kubadilika. (Mwalimu, Nzega)

Mwalimu, swali lako limenifurahisha, maana watu wananunua violezo bila kuwaza lugha yao hata kidogo. Kiolezo kilichotengenezwa vizuri huwa na faili la .pot, lenye maneno yote yanayotakiwa kutafsiriwa. Mwulize muuzaji kama lipo kabla hujatoa hela. Likiwepo, weka programu-jalizi ya kutafsiria iitwayo Loco Translate, chagua Kiswahili, na wanafunzi wako wakae jioni moja wayatafsiri. Lisipokuwepo, huenda maneno yamechomekwa ndani ya msimbo, na hapo utahangaika na kila sasisho.

Angalia pia upana wa vitufe. Muuzaji amepima kwa maneno mafupi ya Kiingereza, na sisi tunaandika "Ongeza kwenye kikapu". Nimeona vitufe ambavyo neno la mwisho linaning'inia nje. Jaribu kwa maneno yetu marefu. Shule inayofundisha kwa Kiswahili haipaswi kumkaribisha mzazi kwa lugha asiyoisoma.

Nalipaje wakati sina kadi ya benki? (Wengi)

M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni, itengeneze kwenye simu yako mwenyewe. Ila soma kama bei ni ya mara moja au ya kila mwaka. Kama ni ya mwaka, zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo.

Na wewe wa Sikonge uliyesema fundi amekulipia na kila kitu kiko kwenye barua pepe yake: mpigie leo. Mwambie ahamishie kwako akaunti ya kiolezo, akaunti ya sehemu tovuti inapohifadhiwa, na umiliki wa jina lenyewe la .co.tz. Anza na jina.