Agosti au Disemba? Kwa mwanangu aliye Leeds

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako nilisomewa na dadako, kisha nikamnyang'anya simu nikausoma mwenyewe, maana yeye akisoma huruka maneno. Unauliza mje Lamu lini, Agosti au Disemba, kwa kuwa nauli ya watu watano si ya kulipa mara mbili. Hilo lina jibu fupi. Lakini chini yake ukaongeza: "Agosti naona hakuna la kufanya huko, kusi imechafua bahari, watoto watachoka." Hapo nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena, na maneno yakawa yale yale.

Hakuna la kufanya! Na anayesema ni wewe, uliyekuwa ukirudi na Magharibi huku nguo zimelowa na kiatu kimoja hakijulikani kiliko. Babako, Mungu amrehemu, huo upepo wa kusi, utokao kusini, ndio uliomkalisha nyumbani. Nje ya mwamba hapatokeki, kwa hiyo asubuhi husuka malema ya kutegea samaki, na jioni hukuchongeni vidau vya kuchezea, tanga lake pembe ya kanga yangu (na kila kanga niliyokuwa nayo ilikosa pembe). Mlikuwa mkiviachia Shela, kusi ikivisukuma, nanyi mkikimbia navyo kandokando ya maji mpaka huku mjini. Siku hizo sikukusikia ukisema bahari imechafuka.

Bibiyo alikuwa na neno lake, nawe umelisikia mpaka ukachoka: hakuna upepo usio na kazi yake. Nami nalisema tena. Watu huudhani mwaka wetu ni mmoja tu, joto na joto jingine, kwa sababu hapa mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Huko kwenu nasikia Disemba jua hutua kabla ya saa kumi. Mkamwana wangu aliniletea picha za majani aliyoyaokota na watoto mwezi wa Oktoba, mekundu na ya manjano, wameyabandika kwenye karatasi na kila mtoto ameandika jina chini ya lake. Nilizitazama sana. Yule ana jicho. Amekuja nchi ngeni na ameshajua mwaka wake unapita wapi. Huko hubadilika rangi ya miti, kwetu hubadilika upande wa upepo, na anayetaka kuuona mwaka wa Lamu aanze kwa kutazama bendera za mashua gatini.

Sikatai, kaskazi, upepo wa Disemba, ina uzuri wake. Disemba maji huwa meupe, wavuvi hutoka nje wakaleta nguru na jodari, maembe yamejaa, na dari zote zina achari imeanikwa. Babangu alikuwa akihesabu maisha yake kwa kaskazi, kwa sababu ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na tende na mazulia, na kusi ikianza yakarudi yamesheheni boriti za mikoko. Nimeyawahi ya mwishomwisho, kabla serikali haijapiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka wa 1982. Mji ulikuwa na kelele nzuri. Basi mtu akiniambia kaskazi ndiyo msimu wa raha, simbishii. Lakini kaskazi mtu hutoka. Kusi hukaa, na aliyekaa mikono humwasha.

Hebu nikwambie kuhusu ule mkeka. Najua unaujua, lakini uliusikia kwa shangazi yako, na yeye husimulia wake.

Ilikuwa kusi ya harusi ya mamako mdogo. Miaa, majani ya kusukia, nilikuwa nimeianika tangu kiangazi, imekauka vizuri. Hivyo ndivyo ifanywavyo: jua la kaskazi likaushe, ubichi wa kusi ulainishe, maana chane, jani lililochanwa, ikiwa kavu ukiisuka Februari hukatika mkononi, na mwezi wa Juni hunyumbulika yenyewe hata hujahitaji kuinyunyizia maji. Nilitaka nisuke zambarau na kijani kama ilivyo ada. Mvua ya masika ikanyesha mpaka barabara ya kuja Mokowe ikakatika, na madukani rangi hakuna. Nilikuwa na kifundo kimoja cha zambarau kilichobaki. Nikachemsha chane ndani yake, nikatoa, nikachemsha nyingine, na kila fungu likatoka hafifu kuliko lililotangulia, mpaka la mwisho likawa kijivu cha majivu.

Basi nimekaa darini, natazama Manda, nikaona mvua inakuja juu ya maji. Ulishawahi kuitazama inavyokuja? Haiji yote. Hutangulia ukanda mzito, kisha mwembamba, baina yao maji yanang'aa, kisha mwembamba zaidi, mpaka hujui umekwisha wapi. Nikatazama chane zangu. Sikufikiri hata. Nikaanza ukili, ule msuko mrefu wa kushonea mkeka, wa zambarau nzito, nikafuata na ule wa hafifu, na mweupe baina yao, nikapunguza na kupunguza mpaka upande wa pili wa mkeka ukawa mtupu. Upande mmoja mvua, wa pili hakuna kitu. Nilisuka mwezi mzima na zaidi, babako akinisomea jioni, na nakwambia kweli, sijui kama nimewahi kufurahi vile bila mtu kujua.

Siku ya kutandika chumba cha bibi harusi, wifi yangu akaukunjua mkeka mbele ya wanawake wote. Akautazama upande huu, akautazama upande ule. Akasema, "Wifi, kilichokwisha ni rangi au macho?"

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, ungefanyaje? Mkeka ukatandikwa upande mtupu umefichwa chini ya kitanda.

Na kweli rangi ilikwisha, sikatai. Huenda basi wifi alisema yaliyo. Nimejiuliza mara nyingi: ningekuwa na kopo zima la zambarau ningesuka vile? Pengine nisingesuka, ningesuka wa ada na ungesifiwa. Lakini mwaka ule rangi ilikosekana kwa kila mtu mjini, na mvua ile ile iliwapitia wote, na hakuna mwingine aliyeiona. Kwa hiyo siyo rangi. Au ni rangi na jicho pamoja. Kila nikifika hapa nashindwa kuamua, halafu naukumbuka ule mkunjo wa mdomo wa wifi na naamua mara moja.

Maana sikiza lililofuata. Baadaye nilikwenda Matondoni kumtazama mgonjwa, nikaona mkeka umetundikwa ukutani, unaanza mzito unaishia mtupu. Nikauliza. Mwenyewe akanambia kwa fahari, "Huu ni mtindo wa Mkomani, kule mjini Lamu, kuna bibi mmoja aliuanza," akanieleza huyo bibi, urefu wake, buibui lake, na namna anavyocheka. Sikusema kitu. Nilipomsimulia babako alicheka mpaka lema likamponyoka. "Ngoja," akasema, "iko siku atakuja kukuuzia."

Haikufika siku hiyo, lakini hakukosea sana.

Nimepotea. Ulikuwa umeuliza safari. Nataka uelewe tu kwamba watoto wako hawatachoka kwa kuwa bahari imefungwa. Mtoto hachoshwi na upepo, huchoshwa na kutopewa kitu cha kushika. Bibiyo aliniweka darini alfajiri nikiwa mdogo akinionyesha Kilimia, lile kundi la nyota, akisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sikuelewa chochote, ila nilipenda kuamshwa. Yule mjukuu wa kati, anayechora kila kitu, nampa chane siku ya kwanza. Mkubwa nitamwombea mafundi wa mashua wamwache apige misumari. Hakuna upepo usio na kazi yake, na watoto nao wamo.

Yako mambo mengine ya kupima. Likizo ya Disemba ni wiki mbili, na siku zake mbili zitaliwa na ndege, ya Agosti ni kama wiki sita. Maulidi, unajua, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unaangukia kusi, au mwisho wake. Watoto hawajawahi kuyaona ya msikiti wa Riyadha. Lakini Disemba kuna maembe, na mkamwana wangu anapenda maembe, na kuogelea, na mtu anayeishi kwenye giza la saa kumi ana haki ya jua. Hilo silipuuzi. Ningekuwa mimi ndiye wa Leeds labda ningelilia jua na si upepo. Kwa hiyo sikwambii mje lini. Ni nauli yako na ni likizo yako, nami nyumba iko wazi.

Miaa ya huyo wa kati lakini nimeshaianika.

Na shangazi yako akikupigia, atakwambia Disemba. Msikize, ni shangazi yako. Kisha muulize Disemba huwa yuko wapi yeye saa saba mchana, na mbona simu hapokei.

Mamako