Nianzie albamu gani kwenye dansi? Jibu langu kwa aliyeuliza

Mkuu, swali lako ni zuri na linastahili jibu refu. Umesema umekulia kwenye Bongo Flava, ukamsikia Remmy Ongala kwenye daladala, sasa unataka albamu za kuanzia za muziki wa dansi, ule wa bendi zetu za magitaa, saksafoni na tarumbeta. Hadi naandika hapa umeshamwagiwa linki nyingi, karibu zote bila hata sentensi moja ya maelezo. Waliozileta wanaupenda huu muziki kwelikweli, hilo sina shaka nalo. Lakini mgeni hafungui linki arobaini. Anafungua mbili, anachoka, anarudi kwenye alichokizoea, na sisi tumempoteza.

Mimi nakupa albamu moja tu. Nyingine nitazitaja huko chini, ila naomba usiziguse kwanza.

Albamu yenyewe ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, ya mwaka 1989, iliyotolewa Uingereza na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Nimeichagua kwa sababu ya masikio yako. Mtu aliyezoea nyimbo za leo, ambazo besi imejaa na kila kitu kimesafishwa, ukimpa siku ya kwanza rekodi ya redio ya mwaka 1980 atasikia mikwaruzo tu. Hii ni safi. Magitaa yanasikika moja moja: kuna linaloshikilia mzunguko uleule bila kuchoka, kuna linalotembea juu yake, na kuna linalojitokeza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Chukua wimbo wa "Kipenda Roho", vaa hedifoni, na mara ya kwanza achana na maneno. Chagua gitaa moja, lifuate tangu mwanzo mpaka mwisho. Mara ya pili fuata besi. Mara ya tatu ndiyo umsikilize Dokta mwenyewe, ndivyo Remmy alivyoitwa, anasema nini. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy kabla ya kwenda Matimila, na Kiswahili chake kina ladha ya huko alikotoka. Ukishaielewa sauti ile hutashangaa kwa nini mpaka leo watu wa Dar wanashuka kituo chenye jina lake, Sinza kwa Remmy.

Sasa niseme kitu ambacho nimekiona kwa miaka ya kupeana muziki huu na wenzangu: kwenye dansi, kumtajia mtu jina la wimbo hakutoshi hata kidogo.

Bendi zetu hazikuwa na utaratibu wa kukaa na kutengeneza albamu. Ziliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga nyimbo zao, nyimbo zikaenda hewani, mambo yakaishia hapo. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Na wimbo uliobahatika kutoka kwenye santuri ndogo ya 45 mara nyingi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, maana upande mmoja haukuutosha.

Hapo ndipo penye tatizo. Mtu anachukua santuri ya mzee wake, anarekodi upande A, anautupia mtandaoni, basi. Lakini wimbo wa dansi una ghorofa mbili. Chini ni taratibu: kisa kinasimuliwa, waitikiaji wanajibu. Halafu gitaa la solo linabadili njia, mwendo unapanda, saksafoni na tarumbeta zinajibizana, na pale ukumbini hata aliyekuwa amekaa na soda yake anainuka. Hiyo ndiyo chemko. Upande A unakatika hapohapo kwenye ngazi. Nimekutana na vijana wengi wanaosema nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, ni za pole mno, ukimuuliza amesikia nini, unakuta kasikia nusu nusu zote. Kwa hiyo mnaogawa, tafadhali gaweni pande zote mbili, na kama upande B huna, andika wazi kwamba huu ni upande A.

Andikeni na bendi. Wanamuziki wetu walihama kila mara, na sauti ilihama nao. Mwimbaji Muhidin Gurumo alikuwa bendi ya NUTA, iliyokuja kuitwa JUWATA, akaenda Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Safari Sound mwaka 1985, na baadaye akarudi Msondo, yaani bendi ileile ya JUWATA. Ukiniambia "nitafutie ule wimbo wa Gurumo", sijui unataka bendi ipi kati ya hizo, na kila moja ina mtindo wake na mpangilio wake wa magitaa. Kwa mwenye sikio ni tofauti kubwa. Faili linaloitwa "zilipendwa mix 7" linamnyima msikilizaji haki ya kumjua aliyemliza.

Ndiyo maana nazipenda mno zile albamu za mkusanyiko zilizofanywa kwa uangalifu. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, unaosimamiwa na Werner Graebner, unakuja na kijitabu kinachoeleza bendi, waimbaji na miaka. Namba 3 ni ya dansi la Tanzania la miaka ya 1960, namba 5 inaanzia 1978 hadi 1983. Nikipendekeza albamu ya namna hii, napendekeza na kijitabu chake.

Taarabu niliingizwa na jamaa mmoja wa Muscat, familia yao ina asili ya Unguja. Yeye alitaka dansi, mimi nilitaka taarabu, tukakubaliana kupeana albamu moja moja, na hakuna kupewa nyingine mpaka uandike ulichosikia kwenye ile ya kwanza. Alinipa ile ya Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1905, akaniambia nisikimbilie mashairi, nianze na bashraf, ile ya vyombo vitupu, nisikilize kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na fidla zinavyosemezana. Nilikuwa nimeisikia taarabu tangu utotoni kwenye harusi, lakini vyombo vyenyewe nilianza kuvisikia siku ile. Linki tupu isingenifikisha pale. Kilichonifikisha ni mtu aliyeniambia wapi pa kutega sikio.

Halafu kuna wanaoomba "zip ya albamu nzima" kila wiki. Kama albamu inauzwa bado, inunueni au isikilizeni kwenye mitandao inayolipa, kwa sababu wengi wa wapigaji hawa wamefariki na warithi wao wapo. Remmy alituacha Desemba 2010, Gurumo Aprili 2014. Kilichorekodiwa nyumbani kutoka kwenye santuri isiyopatikana dukani ni habari nyingine, na hapo mimi mwenyewe nagawa bila kusita, pamoja na picha ya lebo ili kila mtu asome majina.

Zilizobaki ni hizi. Ukitoka kwa Remmy nenda Sikinde ya Mlimani Park, iliyotolewa Marekani na Africassette kutokana na rekodi za Radio Tanzania. Sauti yake ni chafu kidogo, lakini ukishapita kwa Remmy masikio yako yatakuwa tayari. Msikilize Hassan Bitchuka anavyopanda juu. Baada ya hapo tafuta mfululizo wa Ukumbusho wa Mbaraka Mwinshehe, uliotolewa Nairobi baada ya kufariki kwake kwa ajali ya gari Januari 1979. Zile ni nyimbo za santuri ndogo zilizokusanywa pamoja, na gitaa lake la solo linatosha kumfanya mtu aache kazi aliyokuwa akiifanya.

Lakini Remmy kwanza, mkuu. Kaa naye wiki nzima, kisha rudi hapahapa kwenye uzi huu uandike gitaa lipi ulilifuata na lilikupeleka wapi. Ukishaandika nakutumia Sikinde.