Mimba nje ya kizazi: vidonge au sindano?

Wanawake wanaojua kwamba nilipata mimba nje ya kizazi huniuliza jambo lilelile: hakuna vidonge? Sindano inatisha, na dawa yenyewe, methotreksati, inayozuia mimba hiyo isiendelee kukua, ipo pia ya kumeza. Mama yangu mdogo huimeza mara moja kwa wiki kwa ajili ya baridi yabisi.

Ipo, lakini kwa mimba iliyotunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, hospitali hutumia sindano ya msuli. Ukimeza, kiasi kinachofika kwenye damu hutofautiana mtu na mtu. Ukichomwa, daktari anajua umepata kiasi gani, na dozi hukokotolewa kwa urefu na uzito wako, kwa kawaida miligramu 50 kwa kila mita mraba ya mwili. Uchungu wa sindano yenyewe wala si wa kusimulia.

Vile vidonge vingine vinavyoulizwa kwa kunong'ona, misoprostoli, hukaza misuli ya mfuko wa uzazi. Mimba ya kwenye mrija haviigusi. Utatoka damu, utadhani yamekwisha, kumbe mrija unaendelea kutanuka. Hapo ndipo watu hufa, kwa hiyo tusioneane haya: usivinunue.

Kwa hiyo uamuzi wenyewe ni kati ya sindano na upasuaji, na si kila mtu ana nafasi ya kuchagua. Sindano ni ya mwenye hali tulivu, asiye na maumivu makali, ambaye mrija haujapasuka, uvimbe wa mimba hiyo ni mdogo (madaktari wengi huweka kikomo cha milimita 35), ultrasaundi haioni mapigo ya moyo, na homoni ya ujauzito haijapanda sana. Figo, ini na damu hupimwa kwanza. Mama anayenyonyesha aseme mapema.

Jambo ambalo wengi hawaulizi ni hili: utaweza kurudi hospitali kupimwa? Homoni hupimwa siku ya 4 na ya 7, na kati ya siku hizo inatakiwa ishuke kwa asilimia 15 au zaidi. Siku ya 4 inaweza hata kuwa imepanda. Nilipoona karatasi yangu nililia bure. Isiposhuka, unachomwa tena au unapasuliwa. Ikishuka, unapimwa kila wiki hadi iishe kabisa, na hiyo ni nauli na pesa ya maabara kila mara. Mimi nakaa mjini. Ningekuwa mahali ambapo gari hupita asubuhi tu, ningeomba upasuaji, bila kujali kovu.

Ukichagua sindano, acha vidonge vya foliki, maana vinaipinga dawa. Acha pombe, na tendo la ndoa lisubiri hadi daktari aruhusu. Tumbo likiuma, panado; diklofenaki na ibuprofeni usiguse. Mimba nyingine isubiri angalau miezi 3. Kama kundi lako la damu ni hasi, mkumbushe daktari.

Maumivu kiasi siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega si kawaida hata kidogo: ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Nauli ya dharura ikae kando, na mtu wa nyumbani ajue jina la dawa uliyochomwa, kwa sababu ukizimia yeye ndiye atakayeulizwa.