Jibu: Mifupa ya mtoto karibu 300, ya mtu mzima 206, mingine imeenda wapi?

Habari ndugu. Umekwama kwa kuwa unatafuta mifupa iliyopotea, kumbe imeungana. Mimi wanafunzi wangu huwaanzishia kwenye nyonga, maana pale ndipo panapoeleweka: kila upande huanza na mifupa 3, inayoshikana ujanani na kuwa mmoja wenye nguvu ya kubeba kiwiliwili na kupokea paja. Katikati ya pande hizo mbili, nyuma, pingili 5 za mgongo zilizo juu tu ya kifandugu nazo huwa mfupa mmoja. Paji la uso pia huzaliwa vipande 2, kisha huungana.

Ila usihesabu fuvu zima kama mfupa mmoja! Mifupa yake mingi hukazana kwenye mishono, yaani mistari inapokutana, lakini bado huhesabiwa mbalimbali. Rudia hesabu yako hapo kwanza.