Barua mbili za Tahiti, tarehe mbili: nifuate ipi?

SWALI: Mtaalamu, naandika tasnifu kuhusu biashara na misheni katika visiwa vya Pasifiki. Nahodha mmoja Mmarekani, aliyefika Tahiti kununua vyakula, analalamika katika barua ya Jumamosi, 9 Juni 1832, kwamba siku hiyo wenyeji walikataa kumuuzia nguruwe. Mmisionari Mwingereza naye anamlaumu kwa kutaka kufanya biashara Jumapili, tarehe 10. Nani kakosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Wote wawili wanazungumzia siku ileile, ila kila mmoja alikuja na kalenda yake.

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Tahiti Machi 1797 kwa meli ya Duff, wakipitia Rasi ya Tumaini Jema kuelekea mashariki. Ukisafiri upande huo, kila nyuzi 15 za longitudo zinakutanguliza kwa saa moja. Tahiti iko karibu nyuzi 150 magharibi ya Greenwich, hivyo wao walijihesabu saa 14 mbele ya London. Aliyezunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, kuelekea magharibi alifika palepale akiwa saa 10 nyuma ya London. Tofauti yao ni saa 24 kamili, na Tahiti haikurekebisha hesabu hiyo hadi 1846. Mwanasayansi Charles Darwin, aliyefika Novemba 1835 akitokea visiwa vya Galápagos, upande wa Amerika, aliruka kutoka Jumapili tarehe 15 hadi Jumanne tarehe 17 katika shajara yake.

Kwa hiyo kukagua kama siku ya juma inalingana na tarehe hakutakusaidia hapa. Barua zote mbili zitafaulu mtihani huo, kwa kuwa siku na tarehe zimesogea pamoja. Cha kuuliza ni mwandishi alifika kwa njia gani. Usiweke kanuni kwamba mmisionari yuko mbele na mfanyabiashara yuko nyuma: wafanyabiashara wa Sydney walikuwa na tarehe moja na misheni ya Tahiti, na wamisionari Wamarekani waliofika Hawaii mwaka 1820 kwa njia ya Cape Horn walihesabu kama nahodha wako. Tena mgeni aliyekaa sana kisiwani huenda alifuata hesabu ya wenyeji wake.

Angalia sana mfuatano wa barua. Mmisionari akiandika tarehe 12 na nahodha akajibu papo hapo, jibu litakuwa na tarehe 11. Ukipanga jalada kwa tarehe tu, jibu litatangulia barua, na ugomvi wote utausoma kinyume.

Ukilinganisha barua na daftari la meli, kuna mtego mwingine. Manahodha wengi wa Marekani, wakiwa baharini, walianza siku adhuhuri ya siku iliyotangulia, kama sisi tunavyohesabu usiku wa kuamkia Ijumaa kuwa wa Ijumaa. "Tarehe 10 alasiri" ya daftari hilo ni tarehe 9 alasiri ya nchi kavu.

Katika tasnifu, nakili kila tarehe kama ilivyoandikwa, kisha weka ya kalenda ya leo katika mabano ya mraba. Kwa Tahiti hiyo ni ya nahodha: "Jumapili, 10 Juni 1832 [Jumamosi, 9 Juni]". Eleza utaratibu huo mara moja katika utangulizi, na usiiguse tarehe ndani ya matini ya barua yenyewe, kwa sababu ugomvi wao wa Sabato ulitokana na tofauti hiyohiyo.