Miaka ya vijana katika jimnastiki ya Uingereza: kwa mzazi anayeanza

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wenzangu Waswahili walioandikisha watoto wao katika klabu za jimnastiki hapa Uingereza, ambako nimefanya kazi ya kocha msaidizi kwa miaka mingi, ni lini mtoto ataanza kuleta medali. Nawaomba mliweke swali hilo kando mpaka mtoto avuke ngazi ya vijana, kwa maana miaka hiyo ina kazi nyingine.

Kwa kanuni za kimataifa, msichana huingia ngazi ya wakubwa katika mwaka anaotimiza miaka 16, na mvulana katika mwaka anaotimiza 18. Kwa hiyo msichana hushindana katika ngazi ya vijana wakati uleule mwili wake unaporefuka na kubadilika, na mzunguko aliouzoea mwaka jana unaweza kumkataa kabisa mwaka huu bila yeye kuwa mvivu. Mifupa inayokua ina sehemu laini karibu na ncha zake, na katika mchezo huu mikono hubeba uzito wa mwili mzima. Mtoto wa miaka 12 anayelalamika kila wiki kwamba kifundo cha mkono kinamuuma anahitaji kuonwa na daktari, wala asifungwe bandeji na kuambiwa avumilie.

Jifunzeni pia namna alama zinavyotolewa. Majaji hujumlisha ugumu wa vitendo, kisha kwa upande wa utekelezaji huanzia 10 na kukata: 0.1 kwa kosa dogo, 0.3 au 0.5 kwa kubwa zaidi, na pointi nzima kwa kuanguka. Kitendo cha daraja la D, yaani la nne kwa ugumu ukihesabu kuanzia A, huongeza 0.4 tu. Mtoto akiruka kutoka kwenye boriti yenye upana wa sentimita 10, mzazi hutazama ubao wa alama. Mimi hutazama magoti yake pale miguu inapogusa godoro, kama yamelingana au moja limeingia ndani, kwa sababu goti hilo ndilo litakaloamua kama atakuwa bado anacheza akiwa na miaka 20. Kocha anayeharakisha ugumu ili kushinda mashindano ya watoto anakopa kutoka kwenye magoti hayo.

Chukueni mifano miwili ya wanajimnastiki wa Uingereza. Giarnni Regini-Moran alishinda dhahabu tatu katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Nanjing mwaka 2014: ya jumla ya vifaa vyote, ya mazoezi ya sakafuni na ya kuruka. Hakuna kijana wa Kiingereza aliyeonekana kuwa na njia nyeupe kuliko yake, lakini majeraha yalimchelewesha, na ubingwa wa dunia katika sakafu aliupata Liverpool mwaka 2022, miaka minane baadaye. Beth Tweddle alianza akiwa na miaka 7 huko Cheshire, akahamia klabu ya Liverpool akiwa na 12, akawa bingwa wa dunia wa vyuma viwili vya kuning'inia vyenye vimo tofauti mwaka 2006, na medali yake ya Olimpiki akaipata London mwaka 2012 akiwa na miaka 27. Mimi humpenda zaidi huyu wa pili kama mfano kwa wazazi, kwa kuwa wengi mnaamini kwamba msichana wa miaka 20 amekwisha.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni usalama. Ripoti ya wakili Anne Whyte, aliyechunguza jimnastiki ya Uingereza, iliyotolewa Juni 2022, ilieleza jinsi watoto wa mchezo huu nchini walivyodhalilishwa kwa miaka: kulazimishwa kufanya mazoezi wakiwa wameumia, kutukanwa kwa sababu ya uzito, kunyimwa chakula. Sisi tuliolelewa kumheshimu mwalimu bila kumhoji tuko katika hatari ya kunyamaza pale tunapopaswa kusema. Kila klabu iliyosajiliwa na British Gymnastics, chama kinachosimamia mchezo huu nchini, ina ofisa wa ustawi; jueni jina lake na simu yake tangu wiki ya kwanza. Ombeni kukaa ukumbini siku moja, mkaangalie kocha anafanya nini mtoto anaposema, "Naumwa." Akisimamisha zoezi, akauliza ni wapi na tangu lini, mwacheni mtoto hapo. Akigeuza macho, au akimcheka mbele ya wenzake, mchukueni mwanenu siku hiyohiyo, hata kama klabu hiyo imejaa vikombe.